Walichosema Wazazi Kikaoni

Machame

Mkwe wangu Mwanajuma,

Kwa miaka sita nimekuficha maneno yaliyosemwa siku ulipomleta mjukuu wangu Ummy kuanza darasa la kwanza hapa kijijini. Sasa kifua kimenichosha, na daktari ameniambia ukweli.

Ng'ombe amezaa. Ndizi zinaivia mgombani kwa kukosa mlaji.

Unakumbuka kikao kile cha wazazi. Mumeo Sifael alikuwa mlimani akiongoza watalii. Mimi, mwalimu mstaafu, nilipewa kazi ya kupokea familia mpya na kuwafasiria Kichagga. Akina mama walibishana, mmoja akakunyooshea kidole. Ukaninong'oneza, "Baba, wanasemaje?"

Nikajibu, "Wanasema mtoto wa Kiislamu atapata shida hapa. Bora mrudi mjini."

Ukasema, "Haya, Baba," ukamshika Ummy mkono, mkaondoka. Sifael aliposhuka akawafuata, na hajakanyaga hapa tena.

Kwa kweli, wale akina mama walikuwa wakigombania nani ampitie Ummy asubuhi kwenda naye shule. Yule wa kidole, Mama Kindness, alisema, "Huyu ni jirani yangu, mwanawe atatembea na wangu."

Hakuna aliyekukataa pale, mwanangu, isipokuwa mimi.

Baba mkwe wako,
Ndelilio