Krachet Zilizojikunja

Jumatano, 24 Mei
Mkuu wa kata kapiga dawa mfereji mzima. Kamati ya mifereji safi inakuja wiki ijayo, basi magugu maji yafe kwanza, kwa heshima! Kasimama kwenye mashua na kipaza sauti, anatangaza dawa haina madhara. Mwenyewe kavaa barakoa mbili.

Mlango wa kuingizia maji ya mfereji kwenye bwawa letu la mboga ulikuwa wazi. Nikamwambia Mama Mkubwa Lamiat, mwenye shamba, tuufunge. Akasema krachet zetu zina kiu. Mboga inaelea juu ya maji — ina kiu!

Mstari wa krachet wa pembeni, mlangoni, ni wangu. Alinipa mwenyewe. Nikiuvuna naenda kwetu Sisaket, mwanangu ananyolewa kichwa kuingia utawa mwezi wa saba. Miaka mitatu sijamwona.

Ijumaa, 26 Mei
Ajabu. Mstari wangu umerefuka mkono mzima kwa siku mbili. Mashina yamejikunja kama mikia ya nguruwe. Mama Mkubwa kafurahi: "Thom, umetia mbolea gani, mchawi wewe?" Nikamwambia ni ile dawa, inaukimbiza mmea ukue mpaka ufe. Niliona kwenye miwa. Akasema darasa la nne halimfanyi mtu bwana shamba.

Jumapili, 28 Mei
Jirani Somwang kapaka poda shina moja kutafuta namba ya bahati, kaona 47. Bahati nasibu ni Alhamisi. Kufika saa sita mchana watu arobaini! Udi, vitambaa vya rangi, soda nyekundu ya mzimu — na mrija.

Nusu ya mstari imeoza. Nusu bado kijani. Nikaomba ning'oe iliyooza, nifunge mlango.
"Kaka, ukigusa hiyo mkono utakauka," Somwang akasema.
Nikamwonyesha vipele vyangu vya tangu juzi.
"Umeona? Ulishagusa!"

Jumanne, 30 Mei
Kamati imekuja. Mfereji unanuka maiti ya magugu. Mwenyekiti akauliza harufu ya nini. Mkuu akasema ya kata ya chini. Picha zikapigwa. Kisha mwenyekiti akanivuta pembeni, taratibu: namba ni ngapi?

Alhamisi, 1 Juni
Imetoka 48. Nikadhani wataondoka. Thubutu! Wamekosa kwa moja tu — eti dawa haikutosha. Mkuu kaja na mashua na pampu, kajitolea kuongeza.

Ikiingia tena, nusu yangu ya kijani imekwisha. Na mwanangu atanyolewa mimi sipo.

Nimefunga mlango wa maji, nimeukalia. Naandika hapahapa, daftari mapajani. Mama Mkubwa ananibembeleza: "Thom, shuka baba, watu wanasubiri." Mkuu kwenye kipaza sauti anasema mtu wa kuja asizuie bahati ya wenyeji. Pampu inanguruma.

Somwang kapiga magoti matopeni mbele yangu, viganja pamoja. Ananiuliza nina umri gani.

Wote wametoa kalamu waandike namba. Mkuu kazima pampu ili asikie vizuri.

Ananiuliza tena —