Lita za Karembo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Maxwel aliniita ofisini kabla hata sijavua koti. Yeye ndiye meneja wetu wa mauzo kuanzia hapa Nyeri mpaka Kerugoya. Amesema kampuni imenipa hadi mwisho wa mwezi nijiboreshe. Nijiboreshe! Kwani mimi ni simu? Mauzo yangu ya Mukurweini yako chini kuliko ya wenzangu wote, na yasipopanda, mkataba wangu hautaendelea. Alisema kwa upole sana. Huo upole ndio ulionitisha.

Amenipa na masharti. Kuamka mapema na kujisemea maneno ya ushindi mbele ya kioo. Kusikiliza mafunzo ya mauzo nikipika. Kuandika kila jioni nilichofanya, ati nijione nikikua. Haya, naandika. Sijioni nikikua popote.

Mwende amelala. Hajui lolote. Ameshapata marafiki hapa Kiganjo, na mwalimu wake anampenda. Nikikosa hii kazi tutarudi Machakos kwa mama, na mtoto aanze shule upya. Shule ya nne! Mungu wangu.

Jumanne, 2 Septemba

Kioo. "Nduku, wewe ni simba." Mwende alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni. Alicheka hadi povu likamwagika kwenye sweta ya shule. Nikacheka na mimi, kisha nikataka kulia.

Mukurweini siku nzima, juu ya boda, vumbi hadi kwenye nyusi. Shida yangu ni hii: nauza chakula cha ng'ombe, na hakuna mfugaji hata mmoja anayekubali kuniambia ng'ombe wake anatoa maziwa kiasi gani. Ukiuliza unajibiwa, "Aii, ni ya chai tu." Kiwele kinaning'inia karibu kugusa chini, mtungi umejaa hadi shingoni — ya chai tu! Huku maziwa hayatangazwi. Yakitangazwa, jicho baya la watu linaingia zizini. Wanakwenda kanisani kila Jumapili na bado hawatasema. Siwezi kujifanya sielewi, maana hata kwetu mbuzi hawahesabiwi mbele ya mgeni. Lakini Maxwel anataka ushuhuda. Uso, ng'ombe, na namba.

Ijumaa, 5 Septemba

Leo nimepata mtu!

Mama Watiri. Mjane, mtu mzima, anaishi kwenye mteremko chini ya soko la Mukurweini, peke yake na ng'ombe mmoja anayeitwa Karembo. Amekuwa akimlisha chakula chetu tangu mwaka jana. Nilimkuta akikamua, akaniambia nishike ndoo ya pili. Ya pili! Nikaona yote kwa macho yangu. Karembo ni mweusi na mweupe, mpole, alininusa nywele kama ananijua. Mama Watiri huongea naye akimkamua, habari za kanisa, habari za majirani, kila kitu.

Nilimweleza shida yangu bila kupamba. Hata ya Mwende nilimwambia. Akanimiminia chai, halafu akasema: "Picha ni sawa. Jina yangu andika. Lakini hizo lita usiandike, mami. Hiyo ni kitu yangu na Karembo."

Nikamwahidi. Nilimshika mkono kabisa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimetuma picha. Maxwel akapiga simu papo hapo. Picha moto sana, amesema, lakini lita ngapi? Nikamwambia mwenyewe hataki ziandikwe.

"Kwani mimi nitaambia nani? Niambie tu nijue. Si mimi ndio boss wako?"

Nikasema ishirini na nane. Kwa siku.

Akapiga mluzi. "Nduku, sasa unanibamba!" Tangu aniajiri hajawahi kunisifu hivyo. Nilitabasamu peke yangu jikoni kama mjinga, viazi vikiungua.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeliona bango. Siku ya soko, mbele ya agroveti ya Muchiri, duka linalouza chakula chetu, juu kabisa, urefu wa mlango na upana wa ukuta. Mama Watiri anatabasamu. Karembo kando yake. Na chini, kwa rangi nyekundu: LITA 28 KILA SIKU! MUULIZE MAMA WATIRI WA MUKURWEINI.

Nilimpigia Maxwel. Anasema watu wa Nairobi ndio waliochora, yeye aliwapa tu maelezo. Na mbona nalia na bango ni zuri? Watu walikuwa wamesimama wakilisoma kwa sauti. Mama mmoja aliziba mdomo na kitambaa. Wengine waliingia ndani wakanunua. Muchiri, ambaye kwa kawaida hata salamu yangu haitiki vizuri, aliniletea soda.

Mama Watiri sijampigia. Nitampigia kesho.

Ijumaa, 12 Septemba

Magunia yote ya Muchiri yameisha. Ameagiza mengine. Hata watu wa Kerugoya wanapiga simu kuuliza kama ni kweli. Maxwel ametangaza kwenye kundi la ofisi: Nduku anaonyesha njia! Vikafuata vile vialama vya simu: makofi, moto, makofi.

Nimefurahi. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nilifurahi kwa muda wa kunywa chai. Halafu nikampigia Mama Watiri. Hakushika. Nikapiga tena. Imezimwa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeenda mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Heri angenifukuza.

Alinipa kiti. Akaniuliza habari ya Mwende. Ndipo akanieleza, bila haraka, akichambua maharagwe. Shemeji yake alikuja Jumapili na wanawe watatu, akakaa hadi giza likaingia, akasema sasa ni wazi Mama ana pesa za maziwa ila hajawahi kusaidia familia. Kanisani wamemweka kwenye kamati ya ujenzi, ili achange, bila kumuuliza. Wanawake wa chama chake cha kuweka akiba wakimwona wananyamaza. Na watu wanakuja zizini. Wageni kabisa! Wanaegemea mbao, wanamtazama Karembo, wanahesabu matiti, wanaondoka.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Si mimi niliandika. Niliambia tu mtu mmoja."

"Hata mimi niliambia tu mtu mmoja," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ameomba kitu kimoja tu, nilitoe lile bango. Nikasema nitalitoa. Nimejibu haraka kama vile lile bango ni langu.

Alhamisi, 18 Septemba

Muchiri amekataa. Bango liko kwa ukuta wake, anasema, na tangu liwekwe duka limeona watu. "Madam, wewe ni marketer ama ni adui ya biashara?" Wateja wakacheka.

Maxwel naye amekataa. Bango ni mali ya kampuni. Kisha akashusha sauti. Akasema anajua mimi ni mtu wa imani, na hata yeye ni wa imani, basi haya mambo ya jicho tumwachie shetani. Akanikumbusha tarehe. Hakuhitaji kunikumbusha.

Nilirudi Mukurweini jioni nikiwa na kisu cha jikoni ndani ya mkoba. Nia ilikuwa kukata kamba. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mlinzi wa duka akanisalimia kwa heshima, "Madam wa bango!" Nikamjibu salamu. Nikapanda boda nikarudi. Mtu mzima na kisu cha kukatia sukuma wiki! Najichukia leo.

Jumatatu, 22 Septemba

Mama Watiri alipiga alfajiri. Karembo hataki kula. Kiwele kimevimba upande mmoja, kina moto, na maziwa yanatoka na damu.

Nilimpeleka daktari wa mifugo kwa boda mimi mwenyewe. Amesema ni ugonjwa wa kiwele, wa kawaida, unaingia kwa uchafu mdogo tu, hasa zizi likikanyagwa na watu wengi. Akadunga sindano. Hakuna cha jicho, amesema, huku akifunga mkoba wake. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua. Walisikia yote na hawakuamini hata neno moja. Mmoja alisema, si kwa sauti ya chini, kwamba ng'ombe akiandikwa ukutani hawezi kupona.

Mimi je, naamini nini? Sijui. Zizi lilikanyagwa na nani? Na waliletwa na nini? Ukifuata njia hiyo au ile, zote zinaishia kwangu.

Karembo alinigeuzia shingo nilipoingia. Hakuninusa.

Alhamisi, 25 Septemba

Kioo. Sikuweza. Nilinawa uso nikaenda.

Mauzo yamepanda tena. Bango la pili limewekwa Kerugoya, la tatu linakuja hapa Kiganjo, karibu na njia ya Mwende ya shule. Maxwel amesema mkutano wa mwisho wa mwezi utakuwa kwenye hoteli mjini, mkurugenzi anatoka Nairobi, na mimi nitasimama nieleze nilivyojiboresha. Mkataba utasainiwa hapohapo. Pia kuna mgeni wa kunishtukiza, amesema. Anapenda sana kushtukiza watu.

Nimempigia Mama Watiri kila jioni. Anasema tunaomba. Hasemi zaidi.

Jumamosi, 27 Septemba

Upande wa pili wa kiwele nao umevimba. Daktari ameacha kudunga sindano, anasema hazisaidii tena.

Mwende ameuliza kwa nini siku hizi sisemi mimi ni simba. Nikamwambia simba ana homa. Akanigusa paji la uso.

Jumanne, 30 Septemba

Naandikia hapa hotelini, kwenye baraza ya nyuma, wakati wa chai. 

Nilizungumza. Sikumbuki nilichosema. Mkurugenzi aliniita mfano. Mkataba uko mezani mbele, ndani ya jalada la bluu, nimeliona jina langu. Nyuma ya jukwaa wametundika bango, lile lile. Kisha Maxwel akafungua mlango wa pembeni akasema, mabibi na mabwana, mgeni wetu. Akaingia Mama Watiri.

Amevaa nguo za kanisa, kitambaa cheupe, viatu vimepakwa rangi. Watu walisimama. Waligeuka kumtazama yeye, wakatazama picha, wakamtazama tena, wakapiga makofi. Akapewa kiti mbele, chini ya uso wake mwenyewe. Maxwel akasema baada ya chai Mama atatueleza kwa mdomo wake Karembo anaendeleaje.

Nilimfuata hapa nje. Nilimshika mkono, nikamuuliza Karembo ako vipi.

"Karembo alienda jana. Ile bucha ya hapo juu." Alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari. "Walikuja kumchukua na gari. Alipanda tu, hakusumbua mtu."

Nikaanza kusema pole, akaniwekea mkono gotini ninyamaze.

"Huyu boss yako ametuma gari hadi kwangu. Nikafikiria nisikuje. Halafu nikakumbuka kasichana kako." Akanitazama. "Sikiza, mami. Nikiulizwa, nitasema twenty-eight. Nitasema bado anakamua vizuri. Uko na mtoto. Mimi sina kitu ingine ya kuharibika."

Nilipaswa kusema hapana. Ilikuwa rahisi: Mama, hapana, sema ukweli. Maneno matatu, manne. Nilifungua mdomo, nikasikia sauti yangu ikisema asante.

Asante! Nimemwambia asante.

Sasa vikombe vinakusanywa. Maxwel anajaribu maikrofoni, moja, mbili, mnanisikia? Kupitia dirisha namwona Mama Watiri ameshafika mbele, anarekebisha kitambaa, wanampa maikrofoni na hajui kuishika. Ananitafuta kwa macho. Amenipata. Ananiashiria niingie, nije nikae karibu, ili asisahau ile namba.