Gia ya Pili Inakataa

Kilole, Korogwe
Jumatatu asubuhi

Kwako dada yangu Chausiku,

Shikamoo dada, na assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Handeni, na yale magoti yako yawe yametulia kwa kuwa baridi imepungua. Mimi sijambo, ingawa hiyo sijambo yenyewe ina maneno yake, utayasikia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu: wewe husikii, mimi nakasirika, na majirani wote wanajua habari zetu. Mjukuu wako Ikram atakusomea. Ikram, mama, soma polepole na usiruke mstari hata mmoja, hata ukiona babu yako anaaibika.

Salamu zako nilizipata kwa Hashim, konda wa basi. Alisema umemwagiza aniambie kwamba kama sikutaki nyumbani kwangu niseme wazi, usiendelee kukaa juu ya mizigo kama msafiri aliyeachwa na gari. Dada, maneno hayo yaliniuma sana. Ni kweli, siku ya arobaini ya marehemu mke wangu Maryamu tulikubaliana kwamba ukishavuna nitakuja na pikapu nikuchukue, tuje tuishi pamoja huku. Ni kweli umeshavuna, umegawa kuku wako, godoro umelifunga kamba. Na ni kweli nimekuahidi mara tatu, na mara zote tatu nikasema gari bovu. Ningekuwa mimi ningeshatukana.

Lakini gari lilikuwa linanisumbua kweli, wallahi. Ilianza baada ya Ramadhani. Nikitoka gia ya tatu kurudi ya pili, linakwaruza mpaka mwili unanisisimka, na siku nyingine inakataa kabisa kuingia. Nikampelekea Awadhi, yule fundi mwenye gereji yake Masuguru. Akabadilisha oili ya gia, ikawa vilevile. Akafungua giaboksi yote, akaweka klachi pleti mpya, akalijaribu mwenyewe mpaka barabara kuu na kurudi. Alipokuwa anaendesha yeye, gia zilikuwa zinaingia kama kijiko kwenye uji. Nikashika mimi usukani, hatujafika hata kwenye kona, kwaruu! Nikamwambia yeye ni fundi wa kubahatisha na alikojifunza wamrudishie ada yake. Watu wakasikia. Yeye akawa anaifuta mikono yake tu.

Nilikuwa mkali, dada, najua. Tangu Maryamu aondoke nimekuwa mtu wa hasira za bure. Nyumba hii ina vyumba vitatu na sauti moja tu, ya redio. Napika ugali, nusu naumwaga. Siku nyingine kitu cha kwanza kusemeshwa nami ni hiyo pikapu, naiambia haya twende bibi, na nikirudi jioni naiaga. Ndiyo maana ilipoanza kunikatalia gia niliona kama nayo imenichoka.

Sasa sikia kilichotokea Alhamisi iliyopita. Nilikuwa natoka Sindeni na magunia ya mahindi ya watu, nimejaza. Kwenye kile kilima cha kuingilia huku kwetu gari likaanza kuchoka, nikakanyaga klachi nirudi gia ya pili. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa, gari likazima na kuanza kurudi nyuma. Kwa kuhangaika na gia hata breki nikachelewa kuikanyaga. Nilipolisimamisha lilikuwa limeshavunja benchi la Mama Asnath, yule anayekaanga mihogo. Mwenyewe alikuwa ameinuka muda huohuo kufuata chumvi. Lahaula! Angekuwa amekaa, leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Watu wakajaa. Awadhi naye akaitwa, akaja mbio na bodaboda, pamoja na yote niliyomtukana. Akainama, akaingiza mkono chini ya pedali ya klachi, akavuta, akatoa kandambili. Yangu, ya mguu wa kushoto. Ilikuwa imenivuka na kujikunja pale chini, ndiyo iliyozuia klachi isishuke. Basi watu walicheka, dada! Mama Asnath mwenyewe, na benchi lake limevunjika, alicheka mpaka akashika mbavu. Wakawa wanasema, Mzee Mhina anagombana na mafundi miezi mitatu, kumbe ugonjwa ni kandambili. Nami nikacheka nao.

Nilicheka ili nisilie. Kwa sababu nilipoangalia mguu niliona damu kwenye pedali. Kulikuwa na msumari umeingia kwenye unyayo, labda tangu kule Sindeni wakati wa kupakia, na mimi sikusikia kitu. Sikujua hata kama niko peku.

Watu walipotawanyika Awadhi aliniambia taratibu kwamba kandambili ni ya siku ile moja tu. Siku zile nyingine, alisema, alikuwa ananiangalia ninavyokanyaga, na mguu wangu haufikishi klachi chini, unaishia nusu. Klachi ilikuwa nzima. Alishajua tangu nilipomtukana, akaona haya kumwambia mtu mzima mbele za watu. Nilimwomba radhi hapohapo barabarani.

Dada, nilikuwa najua. Nina ugonjwa wa sukari tangu mwaka jana. Maryamu alikuwa kitandani wakati ule, sikutaka kumwongezea mzigo, na alipofariki sikuwa tena na mtu wa kumwambia. Miguu ilianza ganzi kidogo kidogo, nikawa najidanganya kwamba ni gari. Kila nilipotaka kuja kukuchukua niliogopa. Niliogopa kukuua njiani, na niliogopa ukijua ungekataa kuja kuuguza mtu uzeeni. Kukukataa wewe hakukunipitia moyoni hata siku moja.

Ijumaa nilikwenda hospitali. Daktari, binti mdogo tu, alinisafisha kidonda, akasema nimewahi. Kuendesha amenikataza. Akasema kila jioni lazima mtu anikague nyayo, maana mimi sisikii, na mgongo hauniruhusu kujipinda kuziona. Akaniuliza nyumbani naishi na nani. Niliona aibu kusema siishi na mtu. Nikamwambia naishi na dada yangu. Akaandika jina lako kwenye daftari langu la kliniki, Chausiku, msimamizi wa mgonjwa. Tangu siku hiyo kila jioni nalifungua daftari nalisoma jina lako, kisha nakaa hapo kitandani na miguu yangu.

Njoo dada. Ufunguo wa pikapu nimeshamkabidhi Awadhi, na Jumamosi asubuhi tutakuja naye. Ataendesha yeye, wewe utakaa dirishani upate upepo, mimi nitabanana katikati penye gia. Ukituona tunaingia uani, kabla hujaanza kunigombeza, nitazame kwanza miguuni kama viatu vyote viwili ninavyo.

Nisalimie Amne, mama yake Ikram, na umwambie asiwe na wasiwasi, likizo mtoto atakuja kwetu. Nisalimie na majirani waliochukua kuku, wasiwarudishe. Chumba chako nimeshakifagia.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuongopea mara tatu,

Mhina