Mkate wa Posti

Jumanne, 4 Juni 1957

Amerudi! Mume wangu Gathogo, Baba Wangeci, amerudi.

Saa nne asubuhi lori lilisimama pale kwa lango la kijiji, wakashuka wanaume sita. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua sufu, mikono imejaa mafuta ya kondoo. Niliangalia watano, nikasema basi, hayumo. Kumbe wa sita ndiye yeye. Sikumjua mpaka alipokohoa.

Miaka mitatu na mwezi mmoja.

Maitu, mama yake, alimshika uso kwa mikono miwili kama mtu asiyeona. Wangeci, binti yetu mkubwa, alilia. Ndunge, ambaye alizaliwa baba yake akiwa tayari kwenye kambi ya kizuizini, alijificha nyuma ya gunia la sufu akauliza, "Huyu mgeni anaenda lini?" Tulicheka wote. Baba yake ndiye hakucheka.

Nimechoka kwa furaha. Nimeandika hilo neno, sasa naliangalia tu.

Alhamisi, 6 Juni

Sweta inampwaya. Ile nyeusi niliyomfumia mwaka jana kwa kipimo cha kichwani tu — mabega yameshuka mpaka karibu na viwiko, na hapo kifuani mtu wa pili angeingia. "Ulimfumia nani?" akaniuliza. Alikuwa anatania, nafikiri. Mchana huu nimeifumua yote, nimeosha uzi, nimeutundika na jiwe chini unyooke. Nitaanza tena. Nimepunguza mishono ishirini.

Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Gathogo ni seremala. Sikuuliza.

Tunaongea Kiswahili kama zamani, mimi Mkamba, yeye Mkikuyu, ndiyo lugha tuliyooana nayo. Lakini Kiswahili chake amekibadilisha huko. Simama. Kaa. Haya, upesi. Anamwambia mtoto "Haya, upesi" na mtoto anakimbia bila kujua anakimbilia wapi.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani watu walimzunguka. Wakonyo, jirani wa nyumba ya pili, alimshika mkono muda mrefu, machozi yakamtoka. Mimi alinipita kama mti. Amenipita hivyo miaka mitatu, lakini leo kulikuwa na mtu wa kuona.

Njiani Gathogo akauliza tuna maneno gani na yule mama. Nikasema ni maneno ya wanawake tu, ya maji pale bombani.

Uongo, siku ya Bwana. Nitamwambia. Jumatano, Maitu akienda kliniki, nitamwambia.

Jumatano, 12 Juni

Sikumwambia. Aliketi hapo kwa kigoda asubuhi yote anaangalia mikono yake, mimi nikaendelea kuchambua sufu.

Basi niandike hapa, nione kama maneno yanaweza kusimama.

Ilikuwa Mei, 1954. Yeye alikuwa ameshachukuliwa. Walituondoa vibandani kule shamba la kahawa, wakatuleta huku, kila mwanamke akapewa jembe kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Mimi nilikuwa na mimba ya Ndunge. Mzungu kijana wa posti, ile ngome ya askari wanaolinda kijiji, alisikia kwa memsahibu wa shamba kwamba najua kuoka. Macharia, mkubwa wa hao askari, homugadi, akaja mpaka mlangoni. "Wewe Mkamba. Kuanzia kesho unapikia posti mkate. Handaki usiende."

Sikukataa. Hata kwa uso sikukataa. Nilisema, "Asante, mzee."

Nikapewa unga, hamira, madebe mawili ya kuokea. Makaa chini, makaa juu. Mikate kumi na miwili kila siku, mpaka mzungu alipoondoka Desemba iliyopita. Ile iliyoungua au kukosa kuumuka nilileta nyumbani. Siku nyingine niliiunguza makusudi.

Wakonyo alichimba na mtoto mgongoni. Julai ile, baridi na manyunyu kutwa. Nilimwona kutoka pale jikoni, mimi nimekaa karibu na makaa, mgongo umepata moto vizuri. Mtoto alianza kukohoa Jumatatu. Ijumaa walimzika. Nilimpelekea mkate mzima, mzuri. Akaupokea, akauweka chini kwenye matope polepole, kama mtu anayeweka yai. Kisha akafunga mlango.

Maneno yamesimama. Hayajasaidia kitu.

Jumapili, 16 Juni

Amejua. Si kwa mdomo wangu.

Alienda kunyolewa baada ya kanisa. Kinyozi alimpongeza! Ati ana bahati, wake wa wengine walikonda wakaisha lakini wake alitunzwa, alikuwa mpishi wa posti. Watu wakacheka, nafikiri. Hakusema kama walicheka.

Nilikuwa natoa mkate kwa debe. Wa Jumapili, wa sisi wenyewe.

"Huu ndio ule?" akaniuliza.

"Ni unga tu, Baba Wangeci."

"Nimekuuliza. Ndio ule uliowapikia?"

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Miwili na nusu."

Wangeci alichukua Ndunge akatoka naye. Halafu Gathogo akasema, si kwa ukali, "Mimi kule kambini walinitaka niseme jina moja la waliokula kiapo. Moja tu. Ningelisema ningekuwa hapa mwaka wa kwanza." Akainua ule mkono wenye vidole vilivyokauka, akauangalia, akaushusha.

Maitu akaanza. Aliongea Kikikuyu polepole sana ili na mimi nisikie kila neno. Alisema, mimi nilikula ule mkate. Wangeci wako ambaye ana jina langu alikula. Yule mdogo alikula akiwa tumboni. Kama mkate ule una dhambi basi iko kwa matumbo yetu yote, anza na langu.

"Sijasema dhambi, Maitu," akamjibu. "Sijasema kitu."

Ni kweli. Afadhali angepiga kelele. Ningejua mahali pa kusimama.

Jumanne, 18 Juni

Gathogo hali nilichopika mimi. Si mkate peke yake. Uji, maharagwe, hata chai. Wangeci ndiye anampikia ugali kwa sufuria ndogo, kando, miaka yake kumi na miwili, na ananiangalia kila mara kama anayeniibia. Nilimwambia usijali, mpikie baba yako. Akauliza, "Mama, wewe ulikosa wapi?"

Nilimwambia aangalie moto.

Miaka mitatu nilikuwa na kitu cha kungoja. Hata siku mbaya, nilisokota uzi nikasema, atarudi. Sasa amerudi. Nisokote nikisema nini?

Ijumaa, 21 Juni

Baridi. Nasokota sufu ya memsahibu. Uzi unakatika kila dakika — sufu ni ile ile, mkono ni ule ule.

Jumamosi, 22 Juni

Kaleli alikuja kutoka Thika, kaka yangu. Alileta ndizi na habari. Kiwanda anachofanyia kazi kinataka maseremala wa kutengeneza masanduku. Nyumba ya wafanyakazi ipo, chumba kimoja, huko Makongeni. Lakini aliyetoka kambini hachukuliwi bila barua ya mkubwa wa kijiji chake, kwamba ni mtu wa amani. Mwisho wa kupokea watu ni Jumanne, tarehe tisa mwezi ujao.

Gathogo alicheka na Kaleli! Nilisikia kutoka jikoni. Kaleli alimkumbusha ile kabati ya arusi yetu ambayo mlango wake ulikataa kufungwa mpaka leo. Kicheko chake hakijabadilika. Nilisimama na kijiko mkononi, nikaogopa hata kuweka kijiko chini.

Nikimsindikiza, Kaleli akasema, "Mbula, rudi nyumbani Kangundo. Mama yuko. Hapa watakumaliza bila kukugusa."

Nikamwuliza watoto je. Akasema, Ndunge njoo naye.

Na Wangeci? Na Maitu, ambaye bila pasi ya kutoka kijijini hafiki hata stesheni ya Ruiru?

Kaleli alikuna kichwa.

Ijumaa, 28 Juni

Siku tano Gathogo amepanga foleni pale posti, amwombe Macharia ile barua. Siku tano Macharia amepita mbele yake akiingia, amepita akitoka. Jana alimwambia karani kwa sauti, wote wasikie, huyu alikaa miaka mitatu bila haraka, leo haraka ya nini?

Gathogo anarudi, anavua kofia, anaketi. Maitu anampa maji.

Nimemaliza sweta. Niliiweka kitandani upande wake. Ameivaa. Inamtosha. Kwa baridi hii angevaa hata gunia, najua.

Ijumaa, 5 Julai

Leo niandike sana, maana leo ilikuwa karibu iwe siku nzuri.

Asubuhi alitoa msumeno na randa yake kwa sanduku. Vyote vimeshika kutu. Akavisugua kwa majivu na mafuta, kisha akaanza kukata mbao kwa mkono wa kushoto. Msumeno ulikuwa unaruka kama mbuzi. Alikata, akatupa. Akakata, akatupa. Ndunge alikuwa anaokota vipande anajipangia nyumba, na mara ya kwanza tangu arudi hakumwambia upesi. Alimwambia, "Ngoja, nikupe cha paa."

Saa tisa sanduku lilikuwa limesimama. Limepinda upande mmoja, lakini ni sanduku. Akaliinua, akaniletea mimi! Mimi pale kwenye uzi na sindano zangu.

"Mkono wa kushoto unajifunza," akasema.

"Unajifunza sana," nikasema.

Akakaa karibu nami, kwenye mkeka ule ule. Nilikuwa namalizia kola ya sweta ya shule, sikuthubutu kusimama. Ndunge alikuja akaegemea goti lake, wala hakujua ameegemea nani. Nilisema moyoni, Mungu, ikae hivi. Nikasahau kuhesabu mishono.

Halafu akasema, akiangalia nje:

"Ile barua sitaipata. Mimi Macharia hatanipa."

"Labda Jumatatu."

"Nenda wewe."

Nilianza kuhesabu mishono upya.

"Nenda wewe, Mama Wangeci. Wewe unajua njia ya kule."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo inayoniumiza. Aliisema kama mtu anayesema nenda dukani, kuna chumvi.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeenda. Nimerudi. Gathogo hayupo, ameenda shamba la kahawa kuomba mabaki ya mbao. Maitu amelala. Naandika upesi.

Wanawake walikuwa kwa foleni nje ya posti, na Wakonyo alikuwa mmoja wao, anatafuta pasi ya kwenda kumwona mume wake ambaye bado wamemshika. Nilisimama nyuma kabisa. Macharia akaniona kwa dirisha. "Mama wa mkate! Pita, pita hapa." Mbele ya wote. Sikuangalia uso wa Wakonyo. Nilipita karibu naye mpaka nguo zetu zikagusana.

Akanipa kiti. Akaagiza chai. Nilijitayarisha kwa matusi, nilijitayarisha hata kwa mambo mabaya zaidi ambayo mwanamke anajitayarishia. Hakuna. Amezeeka. Aliuliza watoto, aliuliza Maitu. Nilipomwambia shida yangu alimwita karani palepale apige barua kwa mashini. "Wewe hukunisumbua hata siku moja," akasema. "Nitakukatalia nini?"

Nilifurahi! Niandike ukweli. Nilitoka pale karibu nakimbia.

Niliisoma njiani, pale nyuma ya miti ya kahawa.

Inasema Gathogo ni mkazi wa kijiji hiki na hana kesi. Mstari wa pili: *Ni mume wa Mbula, mwanamke mwaminifu aliyepikia posti yetu tangu 1954 kwa moyo mmoja. Kwa ajili yake namwombea kazi.*

Nilirudi. Nilimwomba Macharia aondoe mstari ule. Alicheka, alidhani naona haya kusifiwa. "Hapo ndipo penye nguvu, mama. Toa hapo, anabaki mtu wa kambi tu. Nani atamwandika?"

Sasa iko mezani. Nimeisoma mara nne. Nilichukua makasi. Muhuri umepigwa juu ya jina langu hasa, siwezi kukata kimoja nikaacha kingine. Mwisho wa kupokea watu ni kesho. Gathogo ataisoma hapa, ataisoma karani wa kiwanda, ataisoma kila msimamizi, kila mara watakapofungua faili yake. Na nikiichoma, nimwambie Macharia alikataa — basi chumba cha Makongeni hakuna, kazi hakuna, na mkono wa kushoto ulijifunza bure.

Nikimwambia kwanza kwa mdomo? Jumatano ile sikuweza.

Mlango wa jirani umefungwa kwa kishindo. Wakonyo amerudi. Hakupata pasi, nimejua kwa ule mlango.

Nasikia mbao zinawekwa chini huko nje. Amerudi. Ndunge anamkimbilia, anamwita baba, leo ndiyo mara ya kwanza anamwita — na anamwambia, "Mama ameleta karatasi!"

Anakung'uta miguu. Yuko mlangoni. Amevaa sweta, ana unga wa mbao kwa nywele, anatabasamu, na mkono ameshaunyoosha kabla ya kuingia, ule wa kushoto, kupokea barua —