Shemeji Etelka na Ndege Isiyopiga Hodi

"Kuomba ruhusa ni kazi ya wageni, mimi ni mtu wa nyumbani." Ndivyo anavyojitetea rubani wa ndege ndogo aliyeniandikia kutoka kandokando ya mto Tisza. Si kweli hata chembe. Someni barua yake kwanza.

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie maana roho inaniuma, kwa miaka mingi nilikuwa natua Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa nyasi wa rafiki yangu Vendel bila kumwambia, naye akisikia injini anabandika kahawa na kupiga kelele, "Karibu, mwizi wa kahawa!", sasa Vendel amefariki na mjane wake Etelka ameukodisha uwanja kwa shule ya ndege zisizo na injini, zile zinazovutwa hadi angani kwa waya mrefu wa chuma, akatangaza kwamba kila rubani apige simu kabla ya kuja, mimi nikajiambia hilo halinihusu, kuomba ruhusa ni kazi ya wageni, mimi ni mtu wa nyumbani, na kusema ukweli namba ni ileile ya Vendel na sikutaka kusikia sauti nyingine ikiipokea, basi Jumapili iliyopita nikashuka jua likinipiga machoni, kumbe waya umeshaanza kuvuta na Emőke, mwalimu wa chekechea anayejifunza kuruka pale, ndiyo kwanza anainuka peke yake kwa mara ya kwanza maishani, Etelka akaniona akaamuru waya usimamishwe, Emőke akarudi chini kwa kishindo, hakuumia ila amesema hapandi tena, nami nikasema, "Shemeji, si ni mimi tu?" akanijibu, "Ndiyo, ni wewe tu. Vendel alikufa na ruhusa yake, Kornél. Ondoka." Najuta sana. Jumapili hii nataka nitue pale na keki ya mbegu za mpopi niwaombe radhi wote wawili, ila nisiwaambie mapema, maana nikipiga simu Shemeji atakataa. Je, nipeleke na maua?
Kornél

Kornél, pole kwa kufiwa. Lakini hebu jisikilize. Unataka kuomba radhi kwa kutua bila ruhusa, kwa kutua bila ruhusa! Halafu unaniuliza habari za maua!

Umesema mwenyewe: "atakataa." Hukusahau kupiga simu, bwana, ulikwepa jibu. Anayebisha hodi huku ameshaingia sebuleni hajabisha hodi. Unaogopa sauti nyingine kwenye namba ya Vendel? Etelka ndiye anayeipokea kila inapolia, na kila mara anamweleza mtu kwamba mumewe hayupo tena. Wewe, rafiki wa nyumba, ulishindwa kuwa mmoja wa wanaomsikiliza. Hilo linasikitisha kuliko kosa la uwanjani.

Ndege iache bandani. Mwandikie Emőke leo, bila visingizio vya jua, umwambie kwamba alikuwa anaruka vizuri na kosa lote ni lako. Mwanafunzi akirudi chini vile hudhani amekosea yeye, na usipomtoa hofu hiyo utakuwa umemnyang'anya anga. Kisha mpigie Etelka. Muulize kama unaweza kwenda, kwa gari. Akisema hapana, mjibu "Sawa, Shemeji," na keki uile kwako.

Nanyi marubani mtakaosukuma ndege nje Jumapili hii, mkielekea uwanja wa mtu mnaouita "kwetu": shikeni simu kabla ya kushika usukani. Ulizeni. Mkijibiwa hapana, rudisheni ndege ndani.