Turbo Uliyomtumia Baba

Nyumba ya nyuma ya gereji,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, Injinia,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, na natumai barua hii inakukuta mzima, umeshiba na umelala vizuri. Kama hukulala vizuri, si neno, huku pia tuko wengi. Kile kikohozi cha baridi kimepona? Mama amesisitiza nikuulize kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu anajua nikishaanza sitarudi huko. Basi nimeuliza.

Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua lakini bado anatukana vizuri. Watoto wangu wanakula na kurefuka. Shemeji yako, mume wangu, yu mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana simu zangu huzipokei tena.

Nianze na shukrani. Turbo ilifika salama kutoka huko ughaibuni, imeviringishwa ndani ya sweta mbili za baba na suruali ya jinzi isiyomtosha mtu yeyote katika ukoo huu. Baba aliiweka sebuleni, juu ya kitambaa cha mama, na kila aliyeingia alionyeshwa. Alisema mwanawe amelitumia gari lake mapafu mapya. Mzee anabeba abiria kwa teksi ile tangu hujaota meno, na haijawahi kumlaza njiani. Wewe ndiye uliyemwambia kwamba inapanda mlima kama ajuza. Kabla ya hapo hakujua kama ana shida.

Shemeji yako, ambaye ndiye fundi wa gari lile, aliitazama akanyamaza. Unamjua, kumtoa neno ni kama kumng'oa jino. Ilibidi nimbane chumbani ndipo akaniambia. Injini ya baba ilitengenezwa ivute hewa yenyewe, kwa kipimo chake, na tangu kiwandani inaibana hewa hiyo sana. Ukiifungia turbo, hewa inasukumwa ndani kwa nguvu, na hewa ikizidi lazima petroli nayo izidi. Sasa nozeli za gari lile, zile zinazorusha petroli ndani, ni ndogo, na kompyuta yake haina habari kama kuna turbo. Hewa nyingi, petroli kidogo, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na pistoni haziuwezi. Kwa hiyo zilihitajika nozeli kubwa, pampu ya kuzilisha, na mtu wa kuipanga upya kompyuta. Wewe ulituma turbo. Na jinzi.

Alijaribu kulisema hilo mbele ya baba, nimpe haki yake. Baba akakupigia, akaweka simu kwenye spika juu ya boneti, sote tumesimama pale gereji. Nayakumbuka maneno yako kwa sababu uliyasema ukicheka.

"Baba, shemeji anaogopa vitu vipya. Mwambie afunge tu, hiyo hesabu nimeshaipiga huku."

Hesabu gani, mdogo wangu? Baba anaamini wewe ni mhandisi wa magari. Mimi najua unauza vipuri kaunta, kwa sababu rafiki yako aliyekuja likizo alilewa nyumbani kwangu akamwaga yote. Kuuza vipuri ni kazi ya heshima, hata mimi nauza hapa gereji. Lakini sijawahi kumwamrisha mtu aichezee injini ya baba yangu eti kwa sababu nimewahi kushika boksi la turbo.

Na mume wangu usidhani namtetea, huyo naye ni bwege. Alijua, akafunga. Anasema mkwe hambishii baba mkwe mbele ya watu, kwa hiyo akaona heri kuua injini kuliko kukosa adabu. Niliolewa na mtu mwenye adabu zake, na matunda yake nayaona.

Nisikudhulumu: siku za mwanzo gari lilikwenda. Baba alilipita basi la shule kwenye mlima wa hospitali, akampungia dereva mkono. Alirudi nyumbani akicheka peke yake kama kijana aliyekubaliwa posa. Sijawahi kumwona vile, na kwa ajili ya kicheko kile ningekusamehe mengi, lau injini ingedumu.

Haikudumu. Alikuwa amempakia mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyekuwa akikuchapa, akataka kumwonyesha kazi ya mwanafunzi wake. Katikati ya mlima akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Mwalimu anasema ilisikika kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo, na baba akamwambia hiyo ndiyo turbo inaongea. Kisha ukaja mlio mmoja mzito, moshi ukatanda, gari likazimika na kuanza kurudi nyuma. Wapita njia walilizuia kwa mawe. Mume wangu alipofungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, alikuta pistoni moja imetoboka katikati, tundu la kupitisha kidole. Nimepitisha.

Hapo bado ulikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Baba alikupigia tena, kwenye spika. Ukasema, "Basi, baba, shemeji atakuwa alikosea kufunga."

Baba alikata simu, akamgeukia mume wangu mbele ya wateja, akamwambia ameliua gari lake kwa wivu. Tangu hapo hamwitikii salamu. Madereva wenzake wa teksi, ambao ndio waliokuwa wakitulisha, wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, maana nani atampa gari lake mtu aliyemharibia baba mkwe? Mume wangu anashinda amekaa juu ya tairi, akingoja hasira za mzee zipoe. Juzi nimesikia anaulizia kazi ya kulinda geti. Huyu ndiye aliyekufundisha wewe kushika spana, ukaishika kwa upande usio wake. Naumia, na sitaki kuumia peke yangu.

Nilichotaka ni kimoja tu: umwambie baba kwamba ni wewe. Nimekuomba kwa simu, kwa ujumbe, na kupitia kwa mama, nawe umejitia hamnazo. Nikafikiria kumwambia mwenyewe, habari za kaunta na zote, lakini angesema namkingia kifua mume wangu. Ndipo nikapata wazo zuri zaidi.

Mume wangu ameshapata pistoni, na anaweza kuirudisha injini ilivyokuwa, bila turbo. Baba hataki aiguse. Amesema ile ni kazi ya mhandisi. Basi nikamwambia asijali, kwamba umeniahidi kuja Desemba kuifanya kwa mikono yako mwenyewe. Alinishika mkono, mdogo wangu, kwa mikono yake yote miwili.

Sasa kila mtu anajua. Madereva wote wamealikwa waje wakutazame ukifanya kazi, na mwalimu mkuu atakuja na kiti chake. Baba ameiweka teksi bandani, na kila nati ameiosha na kuipanga kwenye makopo. Amekununulia na ovaroli, akampelekea fundi cherehani aitarizi neno "Mhandisi" kifuani kwa uzi mwekundu. Imetundikwa sebuleni, na kila asubuhi anaikung'uta vumbi.

Unaweza kuja, ukaivaa, ukasimama mbele yao. Au unaweza kupiga simu kabla ya hapo, mume wangu akiwa amesimama karibu na baba, useme ukweli kwa sauti ileile uliyochekea. Ukikaa kimya pia sawa. Mzee atavaa shati lake jeupe aende uwanja wa ndege kukupokea, na mimi nitamwacha aende.

Mama anakusalimu na kukuombea. Shangazi mwenye duka la vitambaa anakusalimu. Watoto wanamsalimu mjomba wao. Shemeji yako naye anakusalimu, kwa sababu hana akili ya kununa. Baba anakusalimu kuliko wote, na ameniagiza nikuulize unavaa viatu namba ngapi, anataka vya kuendana na ovaroli. Nijibu upesi, ataniuliza tena kesho.

Mungu akupe afya njema, na akufungue mdomo.

Dada yako akupendaye hata sasa,
Mke wa fundi.