Fizi za Fundi Viatu

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nafanya kazi, nakula kwa wakati, na huu ni mwezi wa nne tangu nivalishwe koti jeupe katika hospitali hii ya kufundishia madaktari wa meno. Natamani kujua hali yako, na safari hii siulizi kwa adabu tu.

Shangazi amenieleza kwa simu kwamba siku hizi unatafuna upande mmoja, na kwamba juzi ulitema damu ulipopiga mswaki, ukamwambia ni rangi ya viatu. Baba, rangi ya viatu haiingii kinywani. Nakuomba, kwa heshima zote, uende kliniki ya hapo ukapigwe eksirei ya taya, kisha unitumie picha hiyo pamoja na majibu ya maswali haya: damu ilianza lini, ni meno gani yanayocheza, kuna usaha, na je, umewahi kuvuta sigara bila mimi kujua. Usijibu kwa simu. Kwa simu unanizungusha.

Wako mtiifu,
Binti yako

15 Februari

Daktari wangu,

Marahaba, marahaba tena. Mimi sijambo, nyumba haijambo, shangazi yako hajambo ila mdomo wake ndio unaohitaji eksirei.

Picha nimeiweka kati ya vipande viwili vya boksi la viatu isikunjike. Damu ilianza kabla ya mwaka kwisha. Meno mawili ya mbele ya chini yanacheza, na ya nyuma pia, huku na huku. Usaha upo kidogo. Sigara nilivuta moja nikiwa na miaka kumi na tisa, nikakohoa mpaka baba yangu akacheka badala ya kunipiga.

Kliniki nilimkuta kijana mwenye glavu, rika lako. Alitazama picha akasema, "Mzee, mfupa unaoshikilia meno umeliwa. Tutang'oa manane." Nikamuuliza umeliwa na nini. Akasema, "Hupigi mswaki." Mimi huyu, ninayepiga mswaki asubuhi na jioni tangu mama yako, Mungu amrehemu, aninyime kiti cha karibu naye kwa sababu ya vitunguu. Nilichukua picha yangu nikatoka. Manane hayang'olewi mpaka binti yangu aseme.

Mengine ni ya kawaida. Joto ni kali, namaliza dumu la maji kabla ya mchana. Na ngozi za siku hizi zinasikitisha: mkanda wangu nimeutoboa tundu la tatu, unanyooka kama mpira.

Baba yako, fundi

1 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Bahasha imefika salama bila kunyanzi hata moja. Mimi ni mzima, tena nina furaha iliyopita kiasi, kwa sababu naamini nimegundua chanzo.

Hali yako si ya kawaida. Kwa mtu wa umri wako anayesafisha meno vizuri, mfupa haupaswi kupungua kiasi hicho. Kwa hiyo nilipitia sababu moja baada ya nyingine kama tulivyofundishwa. Tumbaku hutumii. Dawa zinazovimbisha fizi hunywi. Urithi haupo, Bibi alizikwa na meno yake yote. Ukoga wa kutisha sikuuona. Ndipo nilipokukumbuka kibandani, misumari midogo imepangwa kati ya meno yako ya mbele, ukiitoa mmoja mmoja na kuigongea kwenye soli. Miaka thelathini na moja, Baba. Chuma kinapolisukuma jino kila siku kwa muda huo, fizi huchanika na mfupa hurudi nyuma.

Nimeieleza hoja hii kwa msimamizi wangu, daktari mama ambaye sisi madaktari wa mafunzo tunamwita Bibi Koleo. Alisikiliza yote, akauliza neno moja: "Na magego?" Nikamjibu kwamba nguvu husafiri ndani ya taya. Akaandika kitu. Mwezi Mei nitaiwasilisha mbele ya baraza la madaktari, na atakayewaridhisha atapata nafasi ya kusomea ubingwa.

Kuanzia leo, msumari usiguse mdomo wako.

Binti yako anayejivunia kazi ya mikono yako

20 Machi

Daktari wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na amri yako imetekelezwa. Misumari sasa inakaa kwenye kikombe cha bati, nami nanyoosha mkono kama mtu anayechota chumvi. Kasi imepungua, lakini kila mteja anayeuliza kwa nini, namweleza. Nimewaeleza hata wasiouliza. Mwalimu wa shule ya jirani alikuja kubadilishiwa soli, akaondoka na somo zima la mfupa wa taya.

Yule fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, Kisigino, alinicheka. "Kwa hiyo binti amesomea meno ya baba yake?" Nikamwambia, "Wako amesomea nini, tucheke wote?" Wiki iliyopita nimemwona naye kanunua kikombe.

Fizi bado. Yametokea majipu mawili madogo huko nyuma, moja kila upande, ambako msumari haujawahi kufika. Najua utakuwa na maelezo yake. Jingine ni la aibu ya kikazi. Ule mkanda niliutupa, nikakata mwingine kwa mkono wangu, ngozi ya mgongo wa ng'ombe niliyoikagua mwenyewe. Mwezi haujaisha na huu nao nimeutoboa. Nadhani watu wa ngozi wanatuibia.

Baba wa Daktari

28 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Barua yako niliisoma mara mbili nikicheka, na mara ya tatu sikucheka.

Naomba uende ukapime sukari kwenye damu, asubuhi, kabla ya kula chochote. Ni kwa ajili ya ukamilifu tu. Wajumbe wa baraza hupenda kuona kwamba kila sababu nyingine imeondolewa, na kipimo hiki kitaiimarisha hoja yetu ya misumari. Nieleze pia uzito wako ukoje, maji unakunywa kiasi gani, na haja ndogo unakwenda mara ngapi.

Wako mtiifu,
Binti yako

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Kuhusu sukari, hapana. Umeniandikia kwa mwandiko wako kwamba ni misumari. Mtaa mzima unajua ni misumari. Leo nikionekana kwenye foleni ya sukari, Kisigino atasema daktari wangu anabahatisha. Na likikutwa jambo kwenye damu, wewe utasimama na nini mbele ya wakubwa zako? Wasilisha hoja yako kwanza, upate nafasi yako. Mimi nitapima Juni. Fizi zimevumilia mpaka leo, hazitashindwa miezi miwili.

Maswali ya haja ndogo simjibu binti yangu.

Baba

18 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hali yangu nitakueleza baada ya haya.

Nilikosea. Katika barua iliyopita nilikuandikia kwamba kipimo ni cha ukamilifu, na haikuwa kweli. Nilikuwa nimekwisha kushuku, nikakosa ujasiri wa kuandika. Msumari unaweza kumega jino na kuchana fizi pale unapokaa. Hauwezi kula mfupa wa magego ya pande zote mbili. Bibi Koleo aliniuliza hilo siku ya kwanza, nami nikamjibu kwa maneno matamu.

Na mikanda yako haikulegea, Baba. Ngozi mbili tofauti, moja uliyoichagua na kuikata mwenyewe, hazinyooki kwa namna moja ndani ya miezi mitatu. Kiuno chako ndicho kinachopungua. Wewe ulitazama ngozi kwa sababu ndiyo kazi yako. Mimi nilitazama mdomo kwa sababu ndiyo yangu. Mwili uliobaki haukuwa na mtu wa kuutazama.

Sukari ikizidi kwenye damu, fizi hushindwa kupigana na vijidudu hata kwa mtu msafi, na mfupa huliwa upesi. Ikiachwa haiishii kinywani. Hufika machoni, kwenye figo, miguuni. Sijui kama ndiyo, lakini kujua ni suala la tone moja la damu, na Juni ni mbali mno.

Jana nilimwendea Bibi Koleo, nikaifuta hoja ya misumari kwa mkono wangu kwenye karatasi yake, nikatia sahihi. Kwa hiyo huna tena kitu changu cha kulinda. Kisigino akicheka, mwambie aniandikie mimi. Nenda kesho. Usinijibu mpaka uwe umepima.

Hali yangu si njema sana. Nitapona ukipima.

Binti yako

29 Mei

Daktari wangu,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Najua shangazi yako alikupigia simu kwamba nimekwenda, hilo sikuweza kulizuia. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukutumia hofu kabla ya mtihani wako. Nilitaka niwe na habari kamili.

Nilipima asubuhi iliyofuata baada ya kupata barua yako. Kumi na saba, kabla ya kula, na ya mtu mzima haifiki sita. Muuguzi alirudia akidhani mashine imeharibika. Sasa nameza vidonge, nakula kwa kipimo kama mgeni, na jana ilikuwa saba. Dumu la maji linafika jioni. Na yale maswali yako ya faragha naweza kuyajibu: ilikuwa mara sita kwa usiku, sasa ni moja.

Kibandani niliwaambia wote, mmoja mmoja, kama nilivyowaambia mwanzo: binti yangu alikosea, na ameniandikia mwenyewe. Kisigino aliuliza, "Basi misumari irudi mdomoni?" Nikamwambia daktari amefuta sababu, hajafuta amri. Kisha akauliza polepole kipimo hicho kinafanyika wapi, maana naye siku hizi ana kiu isiyoisha. Tulikwenda pamoja Jumanne.

Shangazi yako anasema baraza lilikaa, kwamba ulianza kwa kosa lako kabla ya kusema neno lingine, na kwamba nafasi ya ubingwa mwaka huu imekwenda kwa mwenzako. Alidhani nitahuzunika. Nilifunga kibanda saa sita mchana, nikavaa viatu vyangu vya sherehe, nikaenda kliniki kutibiwa fizi nikiwa nimenyooka kama baba wa bibi harusi.

Yule kijana wa glavu amenisafisha chini ya fizi mara nne. Majipu yamekauka. Mfupa uliokwenda haurudi, ameniambia, lakini uliobaki umetulia. Magego mawili yametoka. Yale sita mengine yamebaki kwangu, na ya mbele hayachezi sana. Juzi nimekata uzi kwa hayo. Usinigombeze, ulikuwa uzi mwembamba.

Kabla ya kung'oa walinipa fomu nijaze. Palikuwa na mstari: ndugu wa karibu. Niliandika wewe. Chini yake: uhusiano. Nikaandika, binti. Pakabaki nafasi, nikaongeza, daktari wangu. Pakabaki nafasi tena kidogo, nikaandika, aliyekosea akasema.

Muuguzi akaisoma. "Mzee, fomu haikuuliza yote hayo."

"Ndiyo maana," nikamwambia, "nimeandika kwa herufi ndogo."

Baba yako